Bougie za Tantine na Wimbo ya Chumvi

Siku ya Posho, tarehe 11, mwezi ya kumi

Jocelyne, muke yangu, amechoka na mi. Leo tukikula bukari nilisema juu ya bougie mpaka samaki ikapoa. Akaniambia, maneno yote hayo enda uyaandike, karatasi haina masikio ya kuuma. Njo naandika.

Zimefika! Zilitoka Lubumbashi mpaka hapa Kolwezi na bisi ya asubui, mu kakartoni kenye kung'aa sawa zawadi ya arusi. Bougie iridium. Kwa mwenye hajue motere: bougie njo kale kachuma kanatoa moto mu motere ya gari ili esanse iwake. Za kawaida zina kancha kanene. Hizi kancha yake ni kembamba sawa sindano, na ku kartoni banaandika asema motere inapata nguvu. Nilizishika mu mukono, hata kuzinusa nilizinusa. Nina miaka makumi tano na mbili, nilifurahi sawa mutoto siku ya Noeli.

Nilitwaa chaki, nikaandika ku mulango ya magazin yangu, kwenye nauzisha bipande ya gari: BOUGIE IRIDIUM, NGUVU MUPYA, KWA TSHIMANGA.

14/10

Mvula ya kwanza. Tata padri amekuwa mutu wa kwanza kuzinunua, juu ya Jeep yake. Nilimutilia mi mwenyewe. Alienda na furaha, na mi vile vile.

Siku ya Mungu, 19/10

Leo misa ilikuwa moto. Batangaza asema Omer, mutoto ya Mama Adolphine, atapewa upadri tarehe 11 ya mwezi ya kwanza, kule Mutshatsha kwenye anatumika kazi ya ushemasi. Na korali yetu njo imeitwa kuimba. Bamama bakapiga kigelegele mpaka kipaza sauti ikalia.

Mama Adolphine ni soprano yetu toka bengine mu korali hawajazaliwa. Alimukomalisha ule mutoto peke yake. Inje ya kanisa tulimuzunguka, tukafikiri atalia. Hakulia. Akasema:

"Ile saa Omer analala chini mbele ya askofu, na batakatifu banaitwa, nataka sauti yangu ikuwe juu yake. Nilimulalisha na wimbo alipokuwa mudogo. Nimulalishe mara moja tena, alafu nimuachilie Kanisa."

Ni pale tulijua asema tutafika Mutshatsha, hata kwa magoti.

Shida ni Tantine. Tantine, ni kusema shangazi, njo minibisi ya korali. Tulimupa ile jina juu amezeeka, anakohoa, na mbele ya kila safari lazima kumubembeleza. Na njia ya Mutshatsha mu mwezi ya kwanza ni potopoto. Treni, ye anafika siku anapenda.

Tukafungua kapo, kifuniko ya motere. Gaston, shofere yetu, akaweka kidole ku bile bifil bine, nyaya zinapeleka moto ku bougie. Akasema njo bimechoka, mupira yake imepasuka, bingojee mvula mutaona. Mi nikasema apana, ni bougie. Tukabishana mbele ya korali nzima. Gaston alitumika na magari makubwa ya mine ya shaba miaka mingi, na anasemaka polepole sana, utafikiri anakuurumia.

"Tata Tshimanga," anasema, "bougie ni mudomo tu. Kama koo imepasuka, utabadilisha midomo ngapi?"

Batu bakacheka. Bakanicheka mi. Nikamuuliza tangu siku gani shofere ni munganga. Bakacheka tena, lakini kidogo tu.

Mama Henriette, mwenye kuongoza korali, akakata maneno: tutapima. Tantine atapanda mulima, na bougie za zamani kwanza, kisha na zangu.

23/10

Mvula. Hakuna kitu.

Siku ya Mungu, 2, mwezi ya kumi na moja

Siwezi kukaa chini! Naandika nikisimama, daftari ku meza ya Jocelyne ya kupigia pasi.

Kisha ya misa tulienda njia ya Mutshatsha, tukapita daraja, tukageuka: pale ule mupando mukubwa ya mulima unapanda kurudi ku muji. Kule juu kuko pilone, munara ya chuma yenye kubeba nyaya ya umeme. Korali yote ndani ya Tantine, sawa siku ya safari yenyewe. Kupima na saa, Mama Henriette alikataa, asema saa ya kila mutu hapa inasema yake. Tutapima na wimbo. Ile wimbo ya matoleo yenye ye mwenyewe alitunga, kila mutu anaijua. Iko na kuple ine, beti ine. Ya kwanza tunaletea Bwana mukate, ya pili mahindi, ya tatu chumvi, ya ine machozi. Tunaanza kuimba ku daraja, na tunaangalia pale pilone inapita tuko tunaleta nini: vile kuple ni ya mwanzo, njo Tantine amepanda mbio.

Ngoma ni yangu. Mi njo napigaka ngoma ya korali, miaka kumi na zaidi.

Na bougie za zamani, Tantine alikokota, alilia, alikohoa. Pilone ilipita tuko ku machozi. Batu bakacheka sana, asema Tantine anajua kuchagua.

Tukashuka. Tukamuacha apoe. Nikatosha zile za zamani, nyeusi, kancha imelika sawa meno ya muzee, nikatia iridium. Tukapanda tena. Motere ikaimba sauti ingine kabisa, hata Gaston aliinua kichwa. Na pilone ikapita tuko ku mahindi! Kuple ya pili! Mama Adolphine alinishika shingo mbele ya Jocelyne. Akasema, Tata Tshimanga, umenifikisha.

Gaston akazima motere. Bavijana ba ku basse, benye sauti nene, bakamupa jina pale pale: Tata Fil.

3/11

Kuko kitu sikuandika jana.

Niliregeza ngoma.

Siyo sana. Tulipopita daraja mara ya pili, nilisikia motere inavuta muzuri, moyo ikaruka, alafu nikaogopa isipandeke mbio ya kutosha. Mukono yangu ikaregea. Nilijua. Bengine banafuata ngoma, hawaulize. Mukate ikavutwa, mahindi ikavutwa sawa kamba ya mupira. Bamama bakakosa pumzi. Na pilone ikapita.

Tantine alipanda muzuri kupita mara ya kwanza, hiyo ni kweli ya Mungu. Lakini siyo kufika ku mahindi.

Siyo juu ya makuta, ile pesa ya bougie, njo nilifanya. Ni juu bamecheka na maneno ya Gaston ya mudomo na koo, na ilikuwa maneno muzuri, na mi sikukuwa na ingine.

Nitanyamaza. Bougie ni ya muzuri. Mutu gani nimeumiza?

8/11

Bashofere ba taxi kumi na moja ku magazin. Kumi na moja! Hadisi ya mahindi imezunguka Kolwezi nzima. Mumoja alitoka Kingamyambo makusudi.

15/11

Nimetumana zingine zitoke Lubumbashi. Jocelyne anasema naimba mu usingizi.

20/11

Taxi mumoja amerudi. Anasema gari yake inapanda sawa zamani tu, na zile za kawaida alitosha zilikuwa mupya, za mwezi moja. Nikamwambia angojee zizoee. Zizoee! Bougie inazoea nini?

Siku ya Mungu, 7, mwezi ya kumi na mbili

Mvula toka asubui. Tukipeleka korali ku arusi, Tantine alianza kukohoa tena. Batu bakaniangalia. Nikasema ni esanse mubaya. Gaston akaangalia njia yake. Mama Adolphine akaniuliza polepole, Mutshatsha tutafika? Nikamujibu ndiyo mbio sana.

Siku ya Mungu, 21/12

Leo ni mubaya.

Tulikuwa tunaenda kuimba mu kanisa moja ndogo upande ya Kingamyambo. Mvula ilikuwa nguvu, maji inapita njia. Ku kati ya njia Tantine akakohoa mara tatu, akakufa. Gaston akawasha, inawaka, inakufa. Tukashuka wote, na nguo zetu za bikwembe mupya ya korali, kusukuma. Mama Adolphine alisukuma pembeni yangu. Potopoto ilifika ku magoti. Aliteleza, akaanguka na mikono yote mbili, akasimama, akasukuma tena bila neno. Tulifika kule, batu banatoka misa.

Pale, chini ya kipenu ya kanisa, maneno ikaanza. Motere haina shida, bougie ni ya bei kubwa, tuliona wote na macho yetu ku mupando. Basi shida ni nani? Ni shofere. Mutu moja alisema Gaston anaharibu gari makusudi, juu ya wivu, ili ye na fil yake bakuwe na haki. Bengine bakaitika. Na mi nilikuwa pale, maji inanitoka ku kichwa, mudomo yangu imefungwa.

Bakaamua: safari ya Mutshatsha batatafuta shofere mwingine.

Gaston akatosha funguo mu mufuko. Hakutupa. Aliipanguza na shati yake, juu ilikuwa na potopoto, akaiweka mu mukono ya Mama Henriette. Akamwambia gia ya pili inakwamaka, ukanyage pedali mara mbili. Alafu akaenda kwa miguu mu mvula.

Mama Adolphine alimuangalia mpaka akapotea. Akaniambia mi: "Ye njo anajua ile njia. Bashimo yote anazijua. Sasa nitafika namna gani?"

22/12

Kisha kazi nilienda mu lupango, ule uwanja ya parokia, kwenye Tantine amesimama. Mawingu ilikuwa nyeusi, saa tisa ya muchana lakini giza sawa usiku. Nikawasha motere, nikafungua kapo, mvula ikapiga ndani.

Nikaona. Moto ya bleu, mwembamba, inatembea inje ya fil sawa mududu, inaruka ku chuma ya motere. Fik, fik, fik. Pa bifil biwili. Moto yote ya bougie zangu za iridium inamwangika inje mbele ya kufika. Unaweza kuweka bougie ya zahabu, kama moto haifike, ni kachuma tu.

Na unajua nilifanya nini? Nilicheka. Peke yangu mu mvula, juu ilikuwa muzuri ile moto, na juu Gaston alikuwa ameisema yote siku ya kwanza, na bifil bipya binaninginia ku musumari mu magazin yangu toka mwezi ya tano. Napitaka chini yake kila siku na kichwa.

Alafu nikaacha kucheka.

24/12

Nilienda ku kitubio. Nilimwambia Tata padri yote: ngoma, mahindi, Gaston, funguo. Akauliza:

"Na zile ulitia ku Jeep yangu?"

"Zile pia, Tata."

"Njo maana haipande mulima," anasema. Sikia, alikuwa anashika kicheko, Mungu anisamehe. Alafu hakucheka tena. Akasema rozari moja utasali nyumbani, lakini ngoma ulipiga mbele ya batu, na Gaston alitosha funguo mbele ya batu. Utaenda kusema mbele ya bale bale batu, na ye akikuwa pale.

25/12

Noeli. Nilipiga ngoma. Kila pigo naona korali yote inajua. Hawajue.

1, mwezi ya kwanza

Bonane. Nilienda kwa Gaston kumuita afike ku mazoezi siku ya Posho. Aliuliza juu ya nini. Nikamwambia ufike tu. Muke yake hakunipa kiti.

Posho, 3/1

Nimesema!

Mazoezi ilikuwa ya kuanza, shofere mupya amekaa ku mulango anangojea bamuonyeshe gari. Gaston nyuma kabisa, kofia mu mukono. Mi nikasimama, nikaweka ngoma chini, na sauti yangu ya basse ikatoka ndogo sawa ya panya.

"Ile siku ya mupando, niliregeza ngoma. Ni mi njo nilileta ile mahindi, siyo bougie. Tata Gaston alisema fil, na ni fil. Niliona na macho yangu. Na kule Kingamyambo nilijua nilidanganya, na nikanyamaza akitosha funguo."

Alafu Mama Henriette akapiga mikono yake ku magoti.

"Kumbe! Na mi nikasema moyo yangu njo inaanza kukufa! Ile siku nilikosa pumzi ku mukate, nikaenda hata ku hospitali!"

Pale batu bakapasuka na kicheko, yote, mpaka benye kukasirika. Bale bavijana ba ku basse bakaniita Tata Mahindi. Mumoja akasema tumupe kazi ya kupimia mishahara, ataivuta sawa mahindi. Nilikubali yote. Ilikuwa tamu kupita ile siku Mama Adolphine alinishika shingo.

Ye Mama Adolphine njo hakucheka. Alikuja mpaka mbele yangu. Nilimungojea anipige.

"Fil uko nayo?"

"Iko."

"Kimbia."

Nilikimbia! Kutoka parokia mpaka magazin, na tumbo hii yangu. Niliporudi, Gaston alikuwa amekwisha kufungua kapo. Hakuniangalia. Akanyoosha mukono tu, sawa munganga anaomba makasi, na mi nikaweka fil mu mukono yake, moja moja.

Siku ya Mungu, 4/1

Sasa sikia hii.

Tulirudi ku mupando. Fil mupya. Gaston ku volani anaendesha, yule shofere mupya aliaga na jana, asema korali hii ni batu ba wazimu. Ngoma baninyanganya: Mama Henriette mwenyewe aliipiga, na mi bakanikalisha kati ya balto mbili, bamama ba sauti ya alto, mikono ku magoti.

Mara ya kwanza, na iridium. Pilone ikapita tuko ku chumvi.

Tukashuka, Tantine akapoa, nikatia bougie za kawaida, mupya, zile za bei ya chini kabisa mu magazin. Nilifunga na mikono safi, wote banaangalia. Tukapanda. Nilifunga macho. Mukate. Mahindi. Motere inavuta, inavuta, haikohoe. Kuple ya tatu ikaanza, na mutu akapiga kelele pilone, na mudomo yangu ilikuwa inasema chumvi.

Chumvi! Na za bei, chumvi. Na za bei ya chini, chumvi. Neno moja!

Niliruka mu bisi, nikagonga kichwa. Jocelyne anasema ni mwanaume gani anafurahi hivi juu bougie zake hazifanye kitu. Lakini ni kujua! Miezi mbili mi mwenyewe sikujua nini ni kweli mu ile mulima, juu nilikuwa nimeiharibu na mukono yangu. Leo najua. Ile siku ya kwanza Tantine alipanda muzuri juu za zamani zilikuwa zimekufa. Bougie yoyote mupya ingemupandisha. Iridium inadumu murefu, hiyo ni haki yake, sitamunyima. Lakini motere mizima haiongezewe nguvu, na motere mugonjwa haipone.

Kutoka pale nilienda ku magazin na kitambaa yenye maji, nikapanguza mulango. Nimeandika: BOUGIE IRIDIUM, INADUMU. NGUVU, ANGALIA FIL.

6/1

Bashofere ba taxi banarudi. Bengine batukana, bengine bacheka. Nawapimia fil bure.

7/1

Jeep ya Tata padri: si fil, si bougie. Ni filtre, kachujio ya hewa, imejaa vumbi sawa kiko. Sasa inapanda ku misioni inapiga mbinja.

Siku ya Mungu, 11/1, Mutshatsha

Naandika ku benchi ya kanisa, batu bangali banacheza inje.

Jana mvula ilitupiga njia yote. Maji ilifika mpaka ku kibati ya namba. Gaston anapita bashimo sawa mutu anatembea mu nyumba yake mu giza. Mara moja tu Tantine aliteleza, tukashuka, tukasukuma, lakini motere haikukufa, ilinguruma tu, na Mama Adolphine akakatazwa kushuka. Alibaki peke yake mu bisi na nguo yake nyeupe, anatupigia makelele kupitia dirisha asema tunasukuma sawa batu ba kula bure.

Leo Omer alilala chini. Mutu murefu, amelala ku simenti na uso chini, miguu inaonekana sawa ya mutoto. Mama Henriette akaniangalia mi. Akanirudishia ngoma, akaitikia na kichwa. Nilianza ngoma, polepole, vile inatakiwa, si mukono yangu njo ilichagua. Na Mama Adolphine akaita mutakatifu wa kwanza. Sauti yake ilitetemeka mara moja, alafu ikasimama. Aliita wote, moja moja, mpaka mwisho. Juu ya mutoto yake.

Nililia mbele ya askofu. Ngoma haikuregea.

12/1

Tumerudi. Ku daraja, mbele ya mupando, kila mutu alikuwa amechoka, balto banalala. Hakuna mutu aliomba kupima kitu. Lakini Gaston akapunguza, akanitafuta mu kioo. Kutoka mwezi ya kumi na moja hakunisemesha neno isipokuwa ya kazi.

"Tata Mahindi," anasema, "amusha batu. Na upige sawasawa, nachoka kukucheka."

Nilipiga. Bakaamuka, bakaimba macho imefungwa, mukate, mahindi. Sikuangalia inje. Nilimuangalia Gaston tu, na pale tulifika ku chumvi, ye akapiga honi ku pilone.